Masasisho ya Windows nyumbani: yaje yenyewe, yazimwe, au yapangiwe siku?

Nilijiunga bando la GB 5 Jumanne moja jioni, nikawasha hotspoti ya simu na kuunganisha laptopu ili nimtumie mteja faili moja la PDF. Nikaenda kula. Niliporudi, simu ilikuwa na ujumbe: ndugu mteja, umetumia asilimia 100 ya kifurushi chako. Faili halijaenda. Chini kulia kwenye skrini palikuwa na alama ndogo yenye nukta ya rangi ya chungwa, ikiniomba niwashe upya kompyuta ili kumalizia masasisho.

Kosa lilikuwa langu. Kompyuta haikujua kwamba waifai ile inatoka kwenye simu yenye bando la kuhesabu. Kwake waifai ni waifai, hadi mwenyewe uiambie vinginevyo. Tena ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa mbili usiku, au saa tatu ile miezi ambayo Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma. Ndio muda ambao watu wametoka kazini, wamejiunga bando na kuwasha mashine.

Katika ukoo wetu mimi ndiye fundi asiye na mshahara. Kompyuta ninazozisimamia ni nne: yangu, ya dada yangu Moshi inayosomewa na watoto, ya mjomba wangu mstaafu, na ya shemeji aliyeko Muscat mwenye fiber isiyohesabiwa. Kila moja ina utaratibu wake, kwa sababu swali la "niache apdeti au nizime?" halina jibu moja mpaka ujue intaneti inalipiwaje, umeme ukoje, na anayeitumia ni nani. Windows zetu ziko kwa Kiingereza kama za watu wengi, kwa hiyo majina ya vitufe nayaacha yalivyo.

Kinachopakuliwa ni nini hasa

Watu huita vyote "apdeti", lakini kuna vitu vitatu. Kuna sasisho la kila mwezi la usalama. Hili ni limbikizi: la mwezi huu limebeba na ya miezi iliyopita, kwa hiyo aliyekosa miezi miwili hapakui mara mbili, anapakua moja tu. Kuna toleo jipya la mwaka, zile namba kama 24H2 na 25H2, ambapo tarakimu za mwanzo ni mwaka na H2 ni nusu ya pili ya mwaka huo. Kila toleo la Windows 11 la nyumbani hupewa miezi 24 ya masasisho, kisha inabidi uhamie linalofuata. Halafu kuna yale ya hiari yanayoitwa "preview", hutoka wiki za mwisho wa mwezi ili wenye haraka wayaonje kabla ya wengine. Hayo usiyaguse. Wacha wenye haraka waonje.

Kuyaacha yaje yenyewe

Hivi ndivyo ilivyo kompyuta ya shemeji. Umeme haumkatikii, intaneti haihesabiwi, na hana hamu ya kujua chochote kuhusu jambo hili. Kwa mtu wa namna hiyo njia hii haina mpinzani. Anayesahau kusasisha yuko hatarini zaidi kuliko anayeudhika mara moja kwa mwezi.

Kitu kimoja tu cha kumrekebishia mtu kama huyu ni "Active hours", yaani saa ambazo Windows haitajiwasha upya. Unaweza kuipa hadi saa 18 kwa siku. Hapo jihadhari na saa zetu za Kiswahili. Dada yangu alijiwekea mwenyewe kwenye ile ya Moshi, akachagua 2 hadi 12, akimaanisha saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kompyuta ikaelewa saa nane usiku hadi saa sita mchana. Siku moja saa tisa alasiri mtoto aliacha insha wazi akaenda kunywa uji, aliporudi alikuta mashine imeshajiwasha upya na insha hakuihifadhi. Tulicheka, ila mtoto hakucheka.

Ubaya wa kuacha yaje yenyewe kwa sisi wa bando nimeshausema. Ubaya wa pili hausemwi sana: hukuchagua siku. Sasisho likija na kasoro, unaipata pamoja na wengine, pengine asubuhi ambayo unatakiwa kutuma kazi.

Kuyazima kabisa

"Nimekuzimia apdeti, haitakusumbua tena." Kama umewahi kupeleka laptopu kwa fundi wa mtaani ukilalamikia bando, huenda umerudishiwa na sentensi hiyo. Anachofanya ni kufungua orodha ya huduma za ndani, kutafuta "Windows Update" na kuibadilisha iwe "Disabled". Sekunde ishirini, kazi imekwisha. Simlaumu sana, mteja alikuja na kilio cha bando, na bando limeokoka.

Kwa muda tu. Ndani ya Windows kuna huduma nyingine, Windows Update Medic Service, ambayo kazi yake ni kuifufua hiyo iliyozimwa. Siku si nyingi mteja anarudi kwa fundi na kilio kilekile. Au huduma ibaki imezimwa kweli, halafu siku unataka kusakinisha programu kutoka Microsoft Store unapewa kosa namba 0x80070422, na huoni uhusiano wowote kati ya Store na apdeti. Uhusiano upo: Store hutumia mlango uleule.

Hayo ni madogo. Kubwa ni lile la mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho MS17-010, la kuziba tundu kwenye njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kugawana faili na printa. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai walipe kwa bitcoin. Huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha miadi na upasuaji. Dawa ilikuwa imeshatoka siku 59 kabla, na haikuuzwa, ilikuwa ya bure. Walioumia wengi walikuwa na Windows 7 iliyokuwa bado inapewa masasisho, ila hawakuyaweka.

Siku nne na siku 59

Sasa niwe mwadilifu kwa upande wa pili, maana wanaozima hawazimi bila sababu. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la 1809 la Windows 10. Baadhi ya waliolisakinisha walikuta mafaili yao ya Documents yamefutika. Siku nne baadaye lilisimamishwa, likarudi tarehe 13 Novemba likiwa limerekebishwa. Ninachokumbuka zaidi katika kisa hicho ni nani alipatwa. Usambazaji wa moja kwa moja ulikuwa bado haujaanza. Siku zile za mwanzo lilikuwa linawafikia wale waliokwenda wenyewe na kubonyeza "Check for updates". Waliokuwa wamekaa zao hawakuguswa.

Weka visa hivi viwili kando kwa kando. Mmoja aliumia kwa kuwahi siku nne, mwingine kwa kuchelewa siku 59. Kati yake pana nafasi kubwa, na ndimo ninamofanyia kazi: nangoja siku kumi hivi, kasoro za mwanzo zijulikane, kisha naweka. Wala sivuki wiki tano. Kungoja zaidi ya hapo ni kamari, kwa sababu sasisho lenyewe likishatoka ni tangazo. Wahalifu hulifungua, hulinganisha faili la zamani na jipya, na kuona tundu lilikuwa wapi. Kila siku inayopita, anayelijua tundu hilo si mmoja tena.

Kuyapangia siku

Hii ndiyo njia ya laptopu yangu na ya dada yangu. Ina hatua chache ambazo unaziweka mara moja tu, halafu kazi ya kila mwezi ni saa moja.

Ya kwanza, na hata ukiacha nyingine zote usiiache hii: iambie Windows kwamba hotspoti yako ni ya kupimwa. Fungua Settings, nenda Network & internet, bonyeza jina la waifai uliyounganishwa nayo, washa "Metered connection". Basi. Tangu hapo masasisho mengi hayapakuliwi mpaka uyaruhusu; Microsoft wenyewe wanasema mara chache lile la dharura linaweza kupita. Kumbuka mpangilio huu unakaa kwenye jina la waifai, si kwenye kompyuta. Ukibadilisha simu, au mtoto akabadilisha jina la hotspoti liwe la timu yake ya mpira, kwa Windows hiyo ni waifai mpya isiyopimwa. Rudia. Na kwenye Windows Update, ndani ya Advanced options, hakikisha kitufe cha kupakua kwenye muunganisho wa kupimwa kimezimwa. Kwa kawaida kimezimwa.

Ya pili, ukurasa huohuo wa Windows Update una kitufe cha kupata masasisho mapya mara tu yanapotoka. Kiache kimezimwa. Kukiwasha ni kujiweka foleni moja na wale wa Oktoba 2018.

Ya tatu ni kuahirisha, na hii inawafaa zaidi wenye intaneti isiyohesabiwa ambao hawataki kuwa wa kwanza. "Pause updates" hukupa wiki moja hadi tano. Zikiisha lazima usasishe ndipo uruhusiwe kuahirisha tena, na kwa kweli nashukuru wameweka hivyo.

Kama laptopu yako ni mtumba uliotoka kwenye ofisi za Ulaya au Marekani, angalia kabla hujaendelea: Settings, System, About. Mashine hizo mara nyingi zina Windows Pro badala ya Home, na mwenyewe hajui kwamba amelala juu ya kitu kizuri. Pro ina kihariri cha sera za kikundi, gpedit.msc, ambacho Home haina. Humo unaweza kuagiza masasisho ya kila mwezi yachelewe hadi siku 30 na toleo jipya hadi siku 365, au uchague namba 2 kwenye "Configure Automatic Updates", ambayo maana yake ni: niulize kabla ya kupakua. Ukiweka hiyo huhitaji kukumbuka kupima kila hotspoti.

Siku yangu ni Jumamosi ya wiki inayofuata ile Jumanne ya pili, yaani siku ya kumi na moja. Kama mtandao wako wa simu unauza bando la usiku, hapo ndipo pa kulitumia: pakua usiku wa kuamkia Jumamosi, malizia asubuhi. Nyumbani kwa dada pakiwa na laptopu mbili, yangu na yao, sipakui mara mbili. Windows ina kitu kinaitwa Delivery Optimization. Kikiwekwa "Devices on my local network", kompyuta ya pili huchota vipande kutoka kwa ya kwanza badala ya intaneti. Kuna sharti moja: muunganisho ukiwa na alama ya kupimwa hazigawiani, kwa hiyo asubuhi hiyo naiondoa, naanza na moja, inafuata ya pili, halafu alama inarudi. Hakikisha tu hukuchagua ile ya kugawana na watu wa intaneti nzima, maana hapo bando lako litawahudumia wageni.

Habari ya umeme

Waandishi wengi wa mambo haya hawaishi na umeme wa kukatika, kwa hiyo hawaligusi. Mwaka jana mpwa wangu alinipigia akiwa na haraka.

"Mjomba, shikamoo. Kompyuta imeandika asilimia 35, usizime, na huku umeme umekatika."

"Marahaba. Betri ina ngapi?"

"Sijui, mjomba. Skrini yote ni hii tu."

Kweli, ile skrini ya masasisho haionyeshi betri. Nikamwambia aiache hivyo, asibonyeze kitu, asifunge kifuniko. Ilifika 61 betri ikafa. Umeme uliporudi usiku, ikaandika kwamba inarudisha mambo yalivyokuwa, ikachukua nusu saa, ikafunguka kama ilivyokuwa asubuhi. Hakuna kilichopotea isipokuwa siku. Windows imejengwa kurudi nyuma sasisho likikatwa katikati, na mara nyingi hufaulu. Mara nyingi, si zote. Kwa hiyo sharti langu la Jumamosi ni betri ijae kwanza, ndipo kitufe cha kuwasha upya kibonyezwe. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS subirini siku ambayo umeme umetulia, na kama mawingu yamejikusanya, ahirisheni.

Njia ya flashi

Kuna wanaoshauri upakue sasisho kazini au mahali penye intaneti ya bure, ulibebe kwenye flashi. Inawezekana. Tovuti ya Microsoft Update Catalog ina mafaili yote. Unaandika namba ya sasisho, ile inayoanza na KB, unachagua linalolingana na toleo lako, na ukifika nyumbani unalibonyeza mara mbili. Toleo lako utalijua kwa kuandika winver kwenye kisanduku cha kutafutia.

Mimi siipendi kwa masasisho ya kila mwezi. Windows ikisasisha yenyewe huchota vipande inavyovihitaji tu, lakini faili la Catalog limebeba kila kitu, na kwa Windows 11 ya siku hizi linaweza kufika GB kadhaa. Unasafirisha gunia ili ule bakuli moja. Ila kwa toleo jipya la mwaka, flashi ni mwokozi. Faili moja la ISO, yaani Windows nzima ya kusakinisha, lenye zaidi ya GB 5, linatosha kompyuta zote za ukoo zenye Windows 11: unalifungua ndani ya Windows, unaendesha setup, unachagua kubakiza mafaili na programu. Likikuchukiza una siku 10 za kurudi toleo la zamani, mradi hujafuta lile folda la Windows.old kwa tamaa ya nafasi ya diski.

Na wenye Windows 10 je?

Hapa ndipo simu nyingi zinatoka. Windows 10 ilizaliwa Julai 2015 na masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki, inawaka na kufanya kazi kama jana. Lakini rudi kwenye lile nililosema juu ya tangazo: kila mwezi Microsoft wanapoziba tundu la Windows 11, na tundu hilo liwe limo pia ndani ya Windows 10, wanaonyesha pa kuingilia kwenye mashine ambazo hazitazibwa. Kwa hiyo "nitabaki nayo tu" ni sawa na kuzima apdeti, hata kama hukugusa kitu.

Njia zilizopo ni tatu, na kwa hapa jedwali linasaidia:

| Njia | Inahitaji nini | Bando la kuanzia | Inakufikisha |
|---|---|---|---|
| Kubaki Windows 10 kwa ESU | Toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft | Dogo, la kila mwezi kama kawaida | 13 Oktoba 2026 |
| Windows 11 25H2 | TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, prosesa inayokubalika | Zaidi ya GB 5, mara moja | Oktoba 2027, kisha toleo lingine la bure |
| Linux Mint 22 (mfumo mwingine wa bure, badala ya Windows) | Karibu mashine yoyote ya biti 64 | Karibu GB 3, mara moja | 2029 |

ESU ni masasisho ya nyongeza ya usalama peke yake. Unalipa dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au hulipi kitu ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Hiyo ya tatu ndiyo wengi wetu tutaichukua, ila soma kinachowashwa. Kuhifadhi mipangilio ni kilobaiti chache; kuhifadhi Documents na Pictures ni bando jingine linalokwenda kinyume, la kupandisha. Ondoa alama kwenye mafolda hayo, bakiza mipangilio. Anayelipa dola 30 ajue malipo hayo yanatosha kompyuta hadi 10 za akaunti moja, kwa hiyo ukoo unaweza kuchanga.

Windows 11 ni rahisi kama mashine inakubalika, na kwa prosesa za Intel mpaka kwa jumla ni kizazi cha nane. Soma namba baada ya kistari: i5-8250U ni ya nane, inapita, i5-7200U ni ya saba, hapana. i5-10210U ni ya kumi. Usitazame jina la laptopu wala urembo wake. Pale sokoni mitumba miwili inayofanana kama pacha inaweza kuwa moja inapita na nyingine haipiti, na muuzaji atakwambia zote "zinaingia Windows 11 bosi". Anachomaanisha ni kwamba kuna ujanja wa kutengeneza flashi inayoruka ukaguzi. Upo, na unafanya kazi. Lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyoingia kwa dirishani, na toleo jipya la mwaka huwa haliji lenyewe. Utarudia ujanja kila mara. Tulitaka kompyuta isiyotusumbua kwa apdeti, tumejinunulia ya kusumbuliwa kila mwaka.

Linux Mint ndiyo niliyomwekea mjomba. Laptopu yake ni ya kizazi cha sita, matumizi yake ni kusoma magazeti, YouTube, na kuandika mihtasari ya vikao vya jumuiya. Kwa habari ya masasisho Mint inaizidi Windows waziwazi. Kuna programu ya Update Manager inayokaa pembeni kama ngao ndogo. Inakuonyesha orodha, na haisakinishi mpaka ubonyeze. Hukuti skrini ya asilimia. Unaendelea kusoma gazeti huku inasasisha, na kuwasha upya mara nyingi ni pale kiini chenyewe cha mfumo kilipobadilishwa. Kuna pia programu ya Timeshift: ukiipangia ratiba inapiga picha ya mfumo, ili kikiharibika kitu unarudi jana.

Ubuntu, Linux ya aina nyingine, nayo ni nzuri, lakini kwa mtu wa bando kuna jambo: masasisho ya usalama hujiweka yenyewe kila siku, na programu zake za snap (aina ya vifurushi vya programu) hujitafutia matoleo mapya mara nne kwa siku. Inadhibitika, lakini tunarudi kulekule kwenye kufundisha kompyuta adabu. Mint haiji na snap.

Umeme ukikatika Mint ikiwa katikati ya kusakinisha haijui kurudi nyuma kama Windows. Kifurushi kinabaki nusu. Dawa ni kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika sudo dpkg --configure -a, ikimalizia ilipoishia. Mjomba ameiandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika chini ya laptopu.

Nani asihamie Mint? Mwenye stationery anayeishi kwa Publisher, mhasibu mwenye programu ya hesabu ya Windows, mwanafunzi ambaye chuo kinamtaka Word yenyewe na si LibreOffice. Hao waende ESU sasa na waanze kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha nane. Wengine wote, Mint inawashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Ijaribu jioni moja: sauti, waifai, printa. Isipokubaliana na printa yako utajua kabla hujafuta kitu.

Kuhusu Mac sina mengi. Kwa mazoea Apple hutoa masasisho ya usalama kwa toleo la sasa na mawili yaliyotangulia, na toleo jipya zima huzidi GB 10, kwa hiyo lipangie siku na bando lake. Chromebook ndiyo inayosasisha kwa ustaarabu kuliko zote: hupakua toleo jipya kwenye sehemu ya pembeni ya diski, ukiwasha upya inahamia huko, hujui hata kama kuna kilichotokea. Ila kila modeli ina tarehe yake ya mwisho. Ukiona Chromebook ya mtumba kwa bei ya kuchekesha, uliza tarehe hiyo kabla ya kutoa pesa.

Mjomba, tangu ahamie Mint, ameacha kunipigia kuuliza kwa nini kompyuta inazunguka. Sasa hunipigia Jumamosi asubuhi kunisomea orodha. Juzi ilikuwa na vitu kumi na saba, akataka kujua kila kimoja ni nini. Tulifika cha tisa, salio likamwishia.